Muumishi wa Kivinje na Uvimbe Usiouma

Alizaliwa wapi na alikuwa mtoto wa nani, sikupata kumwuliza, na waliodai kujua nawashuku. Mimi nilimkuta mtu mzima tayari, jirani yetu pale Kilwa Kivinje, mlango wake ukitazamana na wetu, na kazi yake ilikuwa kuumika watu. Aliweka pembe ya ng'ombe, ile tunayoiita chuku, juu ya bega au mgongo unaouma, akafyonza hewa kwa kinywa, akaziba tundu kwa nta, akangoja nyama ijae ndani ya pembe. Kisha aliitoa, akachanja kwa wembe, akairudisha ivute damu mbaya. Mji mzima ulimwita Muumishi, na sisi wanawake tuliongeza Bi mbele yake kwa heshima.

Namwandika kwa sababu ya dada yangu. Dada alikufa kwa uvimbe wa titi miaka ile ya vita vya Maji Maji, na kwa muda mrefu niliamini kwamba Bi Muumishi angeweza kumwokoa, akakataa. Nilimchukia kwa hilo. Nilimchukia huku nampenda, na anayesema mambo hayo mawili hayakai moyo mmoja hajapata kuishi na jirani.

Alikuwa mfupi, mpana wa mabega, na mashavu yake yalikuwa yamekomaa kwa kufyonza. Wahuni wa mtaani walisema akinywa dafu moja mnazi mzima hunyauka. Kabla ya kazi alisukutua kwa maji ya chumvi, na baada ya kazi alitafuna tambuu na hakutaka kusemeshwa. Ukimwamkia, "Shikamoo, Bi Muumishi," hakuitika mpaka akutazame kwanza uso, shingo na miguu. Ndipo husema, "Marahaba. Huo mguu umekanyaga nini?" Hata kama hukukanyaga kitu ungeanza kuchechemea. Mama yangu alisema kumwamkia yule ni kujitafutia maradhi, lakini hakuacha kumwamkia.

Hakuwa na huruma na mtu anayelia kabla wembe haujamgusa. Nilimwona akimfukuza nahodha mzima, mtu wa ndevu, kwa sababu alipiga mayowe wembe ungali mkononi. "Nenda kalie kwa mkeo, ukimaliza urudi." Lakini kuku wake mmoja mweupe alipochukuliwa na kicheche, alikaa ndani kama mfiwa, na wanawake wakaenda kumpa pole nusu wakicheka. Aliipokea pole kwa adabu zote, akatuuliza kama kuna atakayekula ubwabwa.

Juu ya mwili alikuwa na elimu yake mwenyewe, na sijui aliipata wapi. Alisema mwili una wenyeji.

"Ukichomwa na mwiba, nyama hupiga kelele," aliniambia siku moja nilipokuwa na jipu la paja. "Wenyeji husikia, wakaja mbio kutoka kila upande. Ndiyo joto lile, ndiyo wekundu ule. Unavimba kwa sababu umejaa watu. Na usaha ni maiti zao."

"Sasa mbona unawatoa, bibi? Si wamekuja kunisaidia?"

Alinitazama kwa hasira. "Wakizidi hubomoa nyumba waliyokuja kuilinda. Umepata kuona watu wakizima moto? Nusu ya vyombo huvunjwa nao. Nawapunguza. Haya, geuka."

Kwa hiyo jipu halikumtisha hata kidogo. Alichukua hina iliyokorogwa nzito, akazungushia mstari pale wekundu unapoishia, na kesho yake akaja kuangalia wekundu umeuvuka mstari au umerudi nyuma. Alitumia hina kwa kuwa haitoki kwa kuoga. Mzee mmoja wa mtaa wa pili alikuwa na jipu kalioni, akapakwa mstari wake, na mkewe akamtangaza kisimani kwamba mumewe amekuwa bibi harusi. Mzee yule hakutoka nje mpaka rangi ilipofifia.

Kilichomtisha Bi Muumishi ni uvimbe mgumu usiouma. Huo aliushika kwa vidole viwili, na uso wake ukabadilika. "Huu haujaita mtu," alisema. "Umejikalia kimya, nao unakula." Hakuwa na dawa yake, na alisema hivyo waziwazi. Alimpeleka mgonjwa kwa mwalimu wa chuo cha Kurani akasomewe, akarudi nyumbani na kukosana na kila mtu siku hiyo. Watu walimwambia kikulacho ki nguoni mwako. Yeye aliwajibu kwamba kikiwa nguoni una heri, nguo unaweza kuzivua.

Hayo yote ni ya kabla ya vita. Wakati huo huo nchi ilikuwa imeanza kuchemka. Akida alikuwa akikamata watu kwenda kulima pamba, na shemeji yangu, mume wa dada, alipigwa viboko mbele ya watu kwa kuchelewa shambani. Baadaye tukasikia habari za maji ya dawa huko milima ya Umatumbi: ukiyanywa na kunyunyiziwa, risasi ya Mdachi haikuingii. Habari ile haikuja kwa barabara. Ilikuja na mwanamke aliyeleta mtama, na mtu aliyekwenda msibani Njinjo, na mkwe wa fulani kutoka Kiranjeranje, na kabla hujajua ilitoka kwa nani ilikuwa imefika kila nyumba. Shemeji yangu akaenda kuyatafuta. Hakurudi, ila tulijua yuko wapi na anafanya nini, na tulijua pia kwamba hatupaswi kujua.

Bi Muumishi aliyacheka yale maji. Alisema yeye ameyaona maji ya kila aina, na hajaona yanayozuia hata sindano. Kisha majeruhi wakaanza kushushwa kutoka milimani, wamefunikwa mihogo na kuni, na hakucheka tena. Kijana mmoja aliyewekwa nyuma ya nyumba yake alimwuliza kwa nini yale maji yamemshinda yeye peke yake, maana hakujua kama wenzake nao wamekufa. Bi Muumishi alimwambia, "Hayakukushinda, mwanangu. Ulikunywa kidogo." Nilikuwa nimeshika bakuli la maji ya chumvi na nilimsikia. Ni uongo pekee niliopata kumsikia akimwambia mgonjwa.

Kisha boma nalo likamtaka. Askari walikuwa wanaletwa na majeraha ya mikuki tumboni na ya mishale ya sumu, na daktari wa Kidachi alikuwa na mikono miwili tu. Jumbe akaja na amri: wanawake wanaojua vidonda waende wakaoshe. Bi Muumishi akaenda. Mchana aliosha askari bomani, na jioni aliwaosha wale ambao askari hao waliwapiga risasi, kwa chumvi ile ile na vitambaa vile vile. Upande huu alitukanwa kibaraka wa Wadachi, na upande wa pili, lau wangejua, wangemnyonga. Nilipomwuliza anawezaje, alisema nyama haina bendera. Lakini mikono yake ilianza kunuka hata akila, na aliacha kutafuna tambuu.

Huko bomani ndiko alikoonyeshwa kile kioo. Siku hizi wanakiita hadubini. Alituhadithia alasiri moja, mimi na mama tukisuka ukili wa mkeka kibarazani kwake, na alikuwa akisimulia huku anaangalia chini.

Yule daktari alikuwa na tabia ya kuongea peke yake akiinamia bomba la shaba. Bi Muumishi alikuwa anafuta usaha wa askari mmoja na kuutupa. Daktari akamzuia, akachukua tone kwa kijiti, akaliweka kwenye kipande cha kioo alichokipasha moto kwa pumzi yake, akamwita aje achungulie. Mkalimani alikuwa amesimama mlangoni kafunika pua.

"Mwanzo niliona kope zangu tu," Bi Muumishi alisema. "Nikabadilisha jicho. Kisha nikawaona. Vitu vyeupe, hafifu, kama ute. Nikadhani vimekufa. Kimoja kikatoa mguu. Mguu ule haukuwepo, kikautoa tu, kisha kikaumiminia mwili wake wote, kikasogea. Hakina kichwa. Hakina macho. Na kinajua kinakokwenda."

"Subhanallah," mama akasema.

"Mkalimani akasema, bwana mkubwa anasema hao ni askari wa damu. Wanakaa mishipani. Pakiumia mahali hujibandika kwenye ukuta wa mshipa, hujipenyeza kwenye ufa mdogo kuliko wao, wakatoka nje, wakaifuata harufu ya uchafu hatua kwa hatua mpaka wafike. Nikamwambia mkalimani, mwambie si askari. Askari hutolewa mbali kuja kupiga watu. Hawa ni wenyeji."

"Akamwambia?"

"Thubutu! Alitaka kula mshahara wake."

Tulicheka. Yeye hakucheka. Alikaa akisugua viganja, kisha akasema kwamba alidhani wale wenyeji ni maneno yake tu, mfano wa kuwatulizia wagonjwa. Hakujua kwamba wapo, na kwamba hutembea. "Na mimi miaka yote nawavuta na kuwamwaga mchangani, walio hai na waliokufa. Nani aliyeniambia niwapunguze? Niliwahesabu?"

Mama akamwambia asijitie wazimu, wangapi wamepona mkononi mwake. Akajibu kwamba hajui tena kama walipona kwa mkono wake au walipona licha yake.

Kisha, alisema, alimwuliza daktari habari za uvimbe mgumu usiouma. Huko nako nani hutembea? Daktari alitoa kwenye kabati chupa yenye kipande cha nyama, cha mke wa askari mmoja, akasema kwa mkalimani kwamba huko hakuna mgeni aliyeingia. Ni nyama ya mwili wenyewe. Chembe zake zimeacha kazi, zimeongezeka bila mpango, zikavunja ukuta wa nyumba yao na kutoka. Na zinapita njia zile zile za wenyeji, zinajipenyeza vile vile, mpaka kwapani, mpaka mapafuni, na kila zinapofika hujenga. Wenyeji wanaziona zikipita na hawazizuii, maana zinafanana nao. Akaziita waasi.

"Hilo nalo likaniudhi," alisema Bi Muumishi. "Hata ndani ya titi la mwanamke anaona waasi. Walioko milimani wanajua wanachokitaka, hata wakikikosa. Hawa hawataki kitu ila kula, mpaka nyumba iwaangukie na wao."

Nilikumbuka baadaye kwamba alipofika hapo alisimama akaingia ndani, na hakurudi kibarazani ingawa jua lilikuwa bado juu.

Dada yangu alikuwa na mtoto mchanga vita vilipoanza. Siku moja alipokuwa anabadili kanga niliona titi lake la kushoto limevutwa ndani upande mmoja, kama kitambaa kilichoshonwa vibaya. Nikaligusa kabla hajanizuia. Ndani palikuwa na kitu kigumu cha ukubwa wa kokwa ya embe.

"Linauma?"

"Haliumi," akasema. "Ni maziwa yameganda."

Kwetu hivyo ndivyo tulivyojua sote. Mwanamke anayenyonyesha akipata uvimbe, ni maziwa yamegandia ndani, na maziwa yaliyoganda dawa yake kukanda kwa maji moto, na yakikaidi, kuumikwa. Hakuna mwanamke wa Kivinje ambaye hakuambiwa hivyo na mama yake. Basi mama akamshika dada mkono, tukavuka njia tukaenda kwa Bi Muumishi.

Alimlaza dada mkekani. Akaligusa titi mara moja tu, kwa haraka, kisha akaingiza vidole kwapani na huko akakaa sana. Alipotoa mkono aliisogeza chuku mbali na mkeka.

"Simuumiki," akasema.

Mama akadhani hakusikia vizuri. "Maziwa tu, bibi. Chuku moja."

"Nimesema simuumiki. Wala mtu mwingine asimuumike, wala asimkande. Mpelekeni bomani akakatwe. Leo, si kesho. Mimi nitampeleka, nitakaa naye."

Dada akaketi, akajifunga kanga yake vizuri. Sijasahau sauti yake, ilikuwa ya upole kabisa. "Bibi, wakiniuliza mume wangu yuko wapi niwaambie nini? Nikiwa nimelala pale na kisu chao kimo kifuani mwangu, niwaambie nini?"

Pale Kivinje tulikuwa tumeshaona watu wakinyongwa kwa neno lililowatoka wake zao. Bi Muumishi alipiga magoti mbele ya dada yangu, mtu mzima kwa mtoto, akamwomba. Dada akamwinua, akamwambia asimtie dhambini.

Mama alikasirika kupita kiasi. Alisema mjini hapa anaumikwa kila mtu, mpaka askari, binti yake ndiye wa kunyimwa. Akamchukua dada kwa mwanamke mwingine, akaumikwa huko mara nyingi, na uvimbe ukapasuka ukawa donda. Majirani wakasema mficha maradhi kifo humuumbua, kana kwamba tulikuwa tumeficha kitu. Donda lilipoanza kunuka na yule mwanamke mwingine akaacha kuja, Bi Muumishi alivuka njia bila kuitwa, na bakuli lake la maji ya chumvi. Mama hakumsemesha. Akawa anakuja kila siku, anaosha, anafunika kwa kitambaa safi, anaondoka. Nilimfuata mara moja mpaka mlangoni kwake nikamwambia, "Ungemuumika siku ile, angalau tungejua tumejaribu." Alinitazama, akamwaga mchangani maji ya bakuli. Akaniambia nirudi kwa dada yangu, amebaki peke yake.

Dada alikufa wakati wa njaa iliyofuata vita. Shemeji yangu hakuonekana tena, na mtoto akalelewa na mama.

Nilikuja kumwona Bi Muumishi kwa mara ya mwisho Mingoyo, karibu na Lindi, nilikoolewa, miaka ya mwisho ya Wadachi. Nilisikia kuna bibi wa Kivinje anaishi kwa mpwa wake, hali si nzuri. Nikaenda mchana na kikapu cha unga. Alikuwa amekonda, mabega yote yamekwisha, na ile kazi alikuwa ameiacha siku nyingi. Nilimwamkia, shikamoo. Aliitika papo hapo, bila kunitazama kwanza, na hilo likaniuma.

Tuliongea habari za mama na za mtoto wa dada, ambaye sasa alikuwa anasoma chuo. Kisha akaniomba nifunge mlango.

"Dada yako alikuja kwangu kabla," akasema. "Vita havijaanza. Mama yenu alikuwa shamba. Alikuja peke yake, kamfunga mtoto mgongoni, anaona haya. Akasema bibi, maziwa yameganda, usimwambie mama, atanikataza kunyonyesha."

Nilikisogeza kikapu cha unga pembeni, nikamkaribia.

"Nikaligusa. Kilikuwa kidogo, kama punje ya hindi. Kigumu, hakiumi. Nikakijua, mwanangu. Mimi ndiye niliyekuwa nikiwaambia watu siku zote. Lakini yeye alikuwa kijana, na alikuwa anacheka, na mtoto anapiga miguu. Nikajiambia ni maziwa. Nikachanja, nikamuumika. Nikavuta kwa nguvu zangu zote, nipate kukitoa."

"Mara ngapi?"

"Mara moja. Alinishukuru. Siku ile kwenye kioo, Mdachi anaeleza waasi wake wanavyovunja ukuta na kutoka, mimi nilikuwa namwona dada yako tu. Mlipomleta, tayari walishafika kwapani. Ndiyo maana sikumgusa tena. Ningewaambia nini? Daktari nilimwuliza, kwa mafumbo, kama mtu anaweza kuwafungulia njia kwa mkono wake. Akasema haijulikani. Huenda walikuwa wameshatoka. Huenda ni mimi." Akashika mkono wangu. "Niwie radhi, mwanangu."

Hasira iliyonipanda siwezi kuieleza. Nilimkumbuka dada akimwinua pale mkekani, naye anajua, wote wawili wanajua, na hakuna aliyesema, mmoja kwa aibu na mmoja kumsitiri mwenzake. Nikataka kuondoka. Lakini mkono uliokuwa umenishika ulikuwa mwepesi mno, na nilikuwa nimeuona mkono ule ukiosha donda ambalo mama mzazi alishindwa kulitazama.

"Radhi yangu nimekupa, bibi," nikasema. "Ya dada yangu siwezi kuitoa mimi. Hiyo utamwomba mwenyewe."

"Najua," akasema. "Ndiyo maana kila asubuhi naomba nisife leo."